Hakulia msibani kwetu, ndugu zangu wanasema hana imani

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Tanga, Ngamiani. Nashona nguo nyumbani. Mume wangu ni fundi redio na feni, ana kibanda chake jirani na soko. Tumeoana miaka kumi, tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka minane. Sijawahi kupigwa wala kulala njaa. Nayasema haya mapema usije ukadhani nimekuja kumshtaki.

Mwaka jana baba yangu alifariki. Nyumba ilijaa, wanawake ndani, wanaume nje chini ya turubai. Mume wangu alifika na baiskeli yake, akawapa watu mkono kimya kimya, hata "poleni" haikumtoka. Alipoitwa ndani ampe mama mkono wa pole, alimtazama mama kidogo, akatazama juu darini, akatoka. Tukajua ameondoka. Baada ya nusu saa huyo karudi na mfuko wa bisibisi, kapanda juu ya kiti, anafungua pangaboi la chumba alichoanza kukalia mama eda. Watu wanalia, yeye anapuliza vumbi. Hakuna aliyemtuma. Kaka yangu mkubwa alitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo, kwetu wakitaka kumtaja wanasema "yule asiye na imani".

Na si msiba tu. Rafiki yake ni mmoja, mzee anayeuza betri. Harusini haendi, akienda anakaa mlangoni. Ukimuuliza kama umeme umelipwa, anaanza na habari za nguzo. Kuna usiku ananiambia anahisi mtu amesimama nyuma ya pazia. Anajua hayupo, lakini anamhisi. Wazee wa barazani walinyamaza siku moja alipopita na baiskeli, basi kwake hiyo ikawa hukumu, kuna jambo wanalijua juu yake. Ana miezi mitano anazunguka mtaa wa pili ili asipite pale.

Kinachonichanganya ni kwamba huyuhuyu huona mambo tusiyoyaona. Aliwahi kuniambia, "Jirani yetu nyumba yake haiko sawa, siku hizi nguo za mumewe anazianika mwisho kabisa wa kamba." Nikacheka. Wiki tatu hazikupita, yule dada akarudi kwao. Lakini hapohapo, mimi nikiangusha kifuniko cha sufuria kwa sababu kimeniunguza, ananiuliza, "Nimekukosea nini?" Nitaapa na kuapa, haniamini, na siku nzima hasemi.

Binamu yangu anasoma uuguzi Dar. Nilipomsimulia alinitumia kwenye simu maswali 74, nikakaa usiku mume wangu akiwa amelala, nikamjibia yote. Nikapata 46. Binamu akaniandikia neno moja: skizotipali. Nikalitafuta, nikaona ni mtu wa kujitenga, mwenye shaka na fikra za ajabu, kisha likanipeleka kwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, na usingizi ukaisha. Nikasoma pia kwamba watu wa aina hiyo hawawezi kujua mwenzao anahisi nini.

Mama mkwe anasema alikuwa hivi tangu yuko madrasa, ni jini la ukoo, apelekwe kusomewa. Kaka anasema nidai talaka kabla mtoto hajarithi. Shoga yangu anasema nimpeleke hospitali kwa hila, nimwambie tunakwenda kupima presha. Nami ningeendelea kuvumilia, lakini mwezi uliopita namvalisha mwanangu kanzu, akaniuliza, "Mama, baba ananipenda?" Nikamjibu ndiyo, ila jibu lilichelewa, na mtoto akaona limechelewa.

Bi Mshauri, mtu kama huyu anaweza kupenda? Au kitanda hiki nalala peke yangu?

Mke wa Fundi, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba. Naanza na pole kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara msiba umetajwa kama siku ya aibu, haukutajwa kama siku uliyompoteza mzazi. Huenda katika yote unayomdai mume wako, deni la kwanza ni hilo. Ulihitaji mtu akushike mkono, na mkono uliokuwa jirani ulikuwa umeshika bisibisi. Hilo linauma hata kama hana ugonjwa wowote, na huhitaji karatasi ya daktari ili uruhusiwe kuumia.

Maswali yako nayaona ni mawili yaliyofungwa kamba moja. Moja ni la kitabibu, kama mume wako anaumwa. La pili ni la ndoa, kama anakuona. Mkweo, kaka yako, na hata simu yako, wote wamejibu la pili kwa kutumia la kwanza. Mimi nitajaribu kuifungua hiyo kamba kwanza.

Hayo maswali 74 nayafahamu. Yalitungwa na mwanasaikolojia Adrian Raine, yakachapishwa mwaka 1991, na waliojibu mwanzoni walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Walijibu wenyewe, kila mtu kwa nafsi yake. Hata hivyo, katika wale waliopata alama za juu kabisa, ile asilimia 10 ya juu, ni asilimia 55 tu waliokutwa na tatizo lenyewe walipohojiwa vizuri. Yaani karibu nusu yao hawakuwa nalo, walikuwa tu watu wenye mambo yao. Sasa wewe ulijibu kwa niaba ya mtu aliyelala. Habari ya pazia aliwahi kukusimulia, sawa, lakini mengi kati ya yale 74 yanauliza mambo ya ndani ya kichwa ambayo hakukwambia. Ulikisia. Kwa hiyo zile 46 si zake peke yake, mmechangiana.

Tena maswali hayo yanauliza kama umewahi kuhisi kuna mtu au nguvu fulani karibu nawe ilhali huoni kitu, au kama una hisi ya sita. Ningewakusanya wanawake kumi wa mtaa wenu nikawauliza hayo, nani angethubutu kusema hapana kwa yote? Ndiyo maana hata kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kinasisitiza kwamba imani ya mtu haihesabiwi kuwa dalili ikiwa ndiyo imani ya watu anaoishi nao. Mkweo naye anasema kuna jini la ukoo, lakini hakuna aliyemjibia maswali 74 wala kumpa jina la ugonjwa.

Jina lenyewe, hilo la skizotipali, si geni sana. Liliingia katika kitabu hicho mwaka 1980, na mpaka leo wakubwa hawajakubaliana waliweke chumba gani. Wamarekani wanalihesabu kuwa ni la haiba, yaani jinsi mtu alivyo tangu ujana. Shirika la Afya Duniani linaliweka kando ya skizofrenia, kama ndugu yake. Kwa hiyo simu yako haikukudanganya ilipokupeleka kule. Ilichokuficha ni kwamba wengi wenye tabia hizi hawafiki huko maisha yao yote. Wanafanya kazi, wanazeeka, wanazikwa na majirani wanaosema "alikuwa mtu wa peke yake". Na tabia zenyewe ziko kwa vipimo, kama pilipili kwenye mchuzi. Kila mmoja wetu ana kidogo. Wenye kiwango cha kuitwa tatizo, uchunguzi mkubwa wa jamii Marekani ulikuta karibu watu 4 katika kila 100, na Norway hawakufika hata 1. Kama mumeo yumo katika hao au hayumo, mimi siwezi kukwambia kwa barua, na binamu yako hawezi kwa simu.

Sasa tuje kwenye lile lililokunyima usingizi, kwamba watu hawa hawajui mwenzao anahisi nini. Huku pwani tunasema mtu "ana imani" tukimaanisha ana huruma, na katika neno hilo moja tunatia mambo matatu: kujua kwamba mwenzako anaumia, wewe mwenyewe kuguswa, na kuonyesha kwamba umeguswa. Mtu anaweza kuwa nayo mawili akakosa la tatu, na la tatu ndilo pekee linaloonekana chini ya turubai.

Utafiti juu ya tabia za skizotipali haujatoa jibu moja, na nadhani sababu ni kwamba tabia zenyewe si za aina moja. Kuna upande wa kujitenga, uso usiobadilika, marafiki wachache. Wenye upande huo kwa wingi mara nyingi wenyewe husema hawaguswi sana na mambo ya watu. Halafu kuna upande wa kushuku na kuona maana kila mahali, na huo ni hadithi nyingine kabisa. Kuna jaribio ninalolipenda, lilichapishwa mwaka 2008. Watu walionyeshwa filamu fupi za pembetatu mbili zikitembea kwenye skrini, kubwa nyekundu na ndogo ya bluu. Katika baadhi ya filamu zilichorwa zikionekana kama moja inambembeleza nyingine, au inamhadaa. Katika nyingine zilielea tu, ovyo, kama majani kwenye dimbwi. Wenye tabia hizi kwa wingi waliona nia hata pale zilipokuwa zinaelea tu. Hii inamkamata, ile inaogopa. Akili yao ya kusoma wengine haikuwa imelala. Ilikuwa macho hata pasipokuwa na kitu cha kusoma.

Soma tena barua yako ukiwa na pembetatu hizo kichwani. Nguo zilizoanikwa mwisho wa kamba zilikuwa na maana, akaiona kabla ya mtaa mzima. Wazee walionyamaza barazani, labda kahawa ilikuwa ya moto. Kifuniko kilikuunguza vidole. Jicho ni lilelile mara zote tatu. Mara moja lilipatia, mara mbili tunadhani lilikosea, na yeye mwenyewe hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo, kwa sababu kwa ndani zote zinafanana. Hebu fikiria uchovu wa kuishi hivyo. Mimi ningezunguka mtaa wa tatu.

Kuna jambo jingine, na hapa narudi msibani. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Mark Davis alieleza jinsi ya kupima huruma kwa maswali 28 yaliyogawanywa mafungu manne, na fungu moja kati ya hayo ni la fadhaa. Ni pale maumivu ya mwenzako yanapokuingia kwa nguvu hata unashindwa kumsaidia, unataka kutoka tu upate hewa. Watu wenye tabia hizi, tafiti kadhaa zimewakuta na fadhaa hiyo kwa wingi kuliko wengine. Kwa nje, mtu aliyejaa fadhaa na mtu asiyehisi kitu wanafanana kama mapacha. Wote wawili wanatoka chumbani bila kusema neno.

Sisemi mumeo alikuwa na fadhaa. Ninasema hukumuuliza. Barua yako ina mkweo, kaka, shoga, binamu na mtoto, wote wana maneno yao. Maneno ya mume wako juu ya siku ile hayamo. Nisamehe mwanangu kama hili linachoma, lakini nadhani nyumba yenu ina watu wawili wanaosomana bila kuulizana. Yeye anasoma kifuniko cha sufuria anasema umekasirika. Wewe unasoma uso wake mkavu unasema ndani mtupu. Tofauti ni kwamba usomaji wako ulipata mashahidi, ukoo mzima, na wake umebaki wa kwake peke yake.

Zile njia unazopewa nitazipitia kama ninavyoziona, ukijua kwamba mimi niko mbali na wewe ndiye unayelala humo.

Hila ya presha ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Mtu ambaye tayari anaamini watu wananong'ona juu yake, akifika kliniki akakuta kweli walikuwa wananong'ona, na aliyeongoza ni mkewe, umempa ushahidi wa maisha yake yote. Hospitali yenyewe siikatai. Kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa ni ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Najua huko kwenu ukitaja jambo hili watu wanafikiria Lutindi, kule milimani, au Mirembe ya Dodoma, lakini anayehangaishwa na wazee wa barazani tu, kwa kawaida halazwi. Kinachoweza kumpeleka kwa hiari ni kile kinachomsumbua yeye mwenyewe, na bila shaka si "huna huruma". Usingizi labda, au yule wa nyuma ya pazia, au uchovu wa kuzunguka na baiskeli. Ila usiende ukitarajia miujiza. Dawa husaidia baadhi ya dalili kwa baadhi ya watu, mazungumzo na mtaalamu husaidia polepole, na hakuna kidonge cha kumfanya mtu alie msibani.

Kusomewa, kama ni dua za mtu mnayemheshimu na mumeo mwenyewe anataka, sioni ubaya, na inaweza kumtuliza mama mkwe pia. Ubaya unaanza akiambiwa kuna mtu fulani kamtupia kitu. Neno hilo likiingia kwa mtu mwenye shaka, kulitoa ni kazi ya miaka. Unaweza kumwomba msomaji mapema asiguse habari za nani kafanya.

Kuhusu talaka sitakwambia ndiyo wala hapana. Ukiwa umechoka, umechoka, na mke hahitaji mume awe mgonjwa ndipo awe na haki ya kuondoka. Ila sababu ya kaka yako siielewi. Ni kweli tabia hizi hutembea kwa kiasi katika damu, lakini damu aliyokwisha kupewa mtoto talaka haiitoi. Itakachompunguzia ni kumwona baba. Hiyo hesabu uifanye wewe, kaka asikufanyie.

Na kubaki kama mlivyo nako kuna gharama yake. Miezi mitano ya mtaa wa pili inaweza kuwa mwaka, na kibanda kikaanza kufungwa mchana. Ukiona amebadilika ghafla tofauti na alivyokuwa tangu madrasa, halali siku kadhaa, anasikia sauti zinazomwamuru, ana hakika kuna mtu anataka kumdhuru, au anataja kufa, hapo usingoje barua ya mshauri, mpeleke hospitali siku hiyo, na umwambie ukweli mnakwenda wapi.

Katikati ya njia hizo kuna moja ndogo ambayo hakuna aliyekutajia. Kifuniko kikikuunguza, sema palepale kwa sauti, kabla hajauliza: "Kimeniunguza." Usiapishane naye baadaye, mtu mwenye shaka hasaidiwi na viapo, anasaidiwa na maneno yanayowahi. Naye mwombe jambo hilohilo. Akitaka kujua umekasirika, aulize, "Umekasirika, au ni kifuniko?", kisha akubali jibu lako hata kama tumbo linamwambia vingine. Kuna ndoa nimeziona zikicheka na swali kama hilo baada ya muda. Nyingine hazikufika, nisikudanganye. Na umwambie wazi unachotaka wewe, kwa sababu unangoja akione, na yeye anaona mengine. "Nikilia, njoo ukae karibu yangu, usiseme kitu." Fundi hupenda maelekezo, hilo halina uhusiano na skizotipali.

Mwanao amekuuliza wewe swali la baba yake. Usilibebe peke yako tena. Siku mume wako akiwa ametulia kibandani, mpelekee huyo mtoto na redio mbovu, uwaache. Baada ya hapo utaweza kumuuliza mtoto ameona nini, maana watoto nao ni wasomaji, kama ulivyogundua na kanzu mkononi.

Halafu nina ombi langu mwenyewe. Unasema alimtazama mama, akatazama darini, akatoka, na hakuna aliyemtuma. Mama yako alikuwa anaanza miezi minne na siku kumi ndani ya chumba hicho, Tanga, kwenye joto lile. Ukienda kwao safari hii, muulize pangaboi lile lilikuwa limekufa tangu lini, na kama kuna mtu mwingine yeyote siku ile aliyeona kwamba halizunguki. Ukipata jibu, niandikie.